Haki ya Kutangazwa: Beni na Matarumbeta ya Pwani

Kazi yangu ni kupuliza tarumbeta kwenye harusi. Nimeifanya hapa Tanga tangu ujana, nikisimama nyuma ya pikapu pamoja na wenzangu, tukizunguka barabara za Ngamiani mbele ya gari la maharusi huku akina mama wakiitikia kwa vigelegele. Vijana wa bendi yangu huniuliza matarumbeta ya harusi yalianza lini. Wapo wanaodhani yalianza na kamera za video, wengine wanadhani tuliyapokea kwa bendi ya polisi. Nami huwajibu kwamba nyuma ya pikapu ile kuna zaidi ya miaka 100 ya mvutano juu ya jambo moja: nani anastahili kutangazwa barabarani kwa mlio mkubwa, na nani anatakiwa apite kimya.

Mvutano huo una historia, na sehemu yake kubwa ni historia ya ngoma iliyoitwa beni. Imeandikwa zaidi na wageni kuliko sisi wenyewe. Mwaka 1975 mwanahistoria Mwingereza Terence Ranger alitoa kitabu kizima juu ya beni, na kila anayeshughulika na jambo hili ana deni kwake. Lakini mpuliza tarumbeta ana mambo yake ya kusema, maana sisi tunaijua beni kwa midomo na mapafu.

Nianze kabla ya shaba ya Ulaya. Pwani yetu ilikuwa na siwa. Siwa ni pembe kubwa inayopulizwa ubavuni, na mbili zilizo maarufu kuliko zote zilitoka Pate na Lamu. Ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu, vipande vilivyounganishwa kwa ustadi hadi urefu wa zaidi ya mita 2. Ile ya Lamu ni ya shaba, imesubiwa na kutiwa nakshi. Hazikuwa vyombo vya kuchezea ngoma. Siwa ilipulizwa mtawala alipotawazwa na watu wakubwa walipooza au kutahiri watoto wao, na haki ya kupigiwa siwa ilikuwa ya koo za kiungwana. Kwenye Mrima nako, kuanzia Tanga na Pangani hadi Bagamoyo na chini yake, majumbe, ndio watawala wa miji hiyo, walikuwa na siwa na ngoma kuu kama alama za enzi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye Desturi za Wasuaheli zake zilichapishwa mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten, ametuachia picha ya miji hiyo ambamo kila heshima ilikuwa na ada yake na kila ada ilikuwa na wenyewe.

Basi mtu wa zamani aliposikia siwa alijua mara moja kwamba aliyepigiwa ni mtu mwenye ukoo, na kwamba mji unamtambua. Mtumwa hakupigiwa siwa. Mjukuu wa mtumwa hakupigiwa. Mgeni wa bara aliyekuja na msafara akabaki mjini hakupigiwa. Watu hao walikuwa na ngoma zao, nyingi na nzuri, lakini mlio wa heshima haukuwa wao. Mtu asiyeelewa jambo hili hawezi kuelewa kwa nini beni iliwapata watu kwa nguvu vile.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuja milio mipya. Huko Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliweka bendi ya shaba ya Wagoa ikapiga mbele ya jumba lake. Ndiye huyohuyo anayetajwa kila inapozungumzwa asili ya taarabu, kwa sababu alileta muziki wa Misri ndani ya kasri. Taarabu ilihitaji ukumbi, mkeka na watu waliokaa. Shaba haikuhitaji vitu hivyo. Shaba hupigwa mtu akitembea, husikika mtaa wa tatu, na haimwulizi mtu kama amealikwa.

Katikati ya miaka ya 1870, wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walianzisha makazi ya Freretown ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mnara wao wa kengele ungalipo mpaka leo. Kengele hiyo ilipigwa kuwaita watu na kuwatahadharisha wakati wa hatari, na vijana wa pale walijifunza kupuliza vyombo vya shaba. Fikiri maana yake: mtoto aliyetolewa kwao na kuuzwa anashika chombo chenye sauti kuliko chochote alicho nacho muungwana wa mjini, na anakipuliza mchana, hadharani, bila kumwomba mtu ruhusa.

Kisha yakaja majeshi. Waingereza walikuja na askari na mabaharia wao Mombasa, na Wajerumani walikuja na jeshi lao upande wetu. Maisha ya kambini yaliendeshwa kwa baragumu: askari aliamshwa kwa baragumu, akaenda kula kwa baragumu, akazima taa kwa baragumu. Baragumu halina vitufe. Linatoa sauti chache tu, zile ambazo bomba lenyewe linakubali, na ndiyo maana linafaa amri. Hapa Tanga, shule ya serikali ya Wajerumani iliyofunguliwa miaka ya 1890 ilikuwa na bendi ya shaba ya wanafunzi, na Dar es Salaam askari walikuwa na bendi yao. Watawala walitaka mlio huo uwafundishe watu kupanga mstari, kugeuka kushoto, kugeuka kulia, na kutii.

Watu waliutazama mlio huo, wakaupenda, wakaona namna ya kuugeuza.

Beni ilianza Mombasa na Lamu katika miaka hiyohiyo ya 1890. Vijana waliunda vyama, wakajigawia vyeo vya kijeshi, wakashona sare, wakatembea barabarani kwa gwaride wakifuata ngoma kubwa na matarumbeta. Mombasa ilikuwa na vyama kama Kingi na Skochi, majina yaliyotoka kwa mfalme wa Waingereza na kwa askari wa Uskoti. Walioitazama kwa juujuu walisema Waafrika wanawaiga Wazungu. Ni kweli mavazi yalikuwa ya kigeni, na hatua zilikuwa za gwaride. Lakini moyo wa beni ulikuwa mashindano, na mashindano ya ngoma yalikuwa pwani tangu zamani za kale. Lamu ilikuwa imegawanyika mitaa miwili, Mkomani na Langoni, iliyoshindana kwa ngoma na mashairi kabla ya tarumbeta la kwanza kushuka bandarini. Beni iliingia kwenye mvutano uliokuwepo ikaupa sauti mpya.

Angalia na wakati wenyewe. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Pwani ya Kenya ikafuata mwaka 1907. Tanganyika ilingoja hadi 1922, Waingereza walipopitisha sheria. Kizazi kilichounda beni ni kizazi cha miaka hiyo, watu ambao sheria iliwaambia wako huru lakini mji haukuwa umewapa nafasi ya kukaa. Karatasi ya uhuru husomwa na karani peke yake. Tarumbeta husikiwa na mji mzima. Mtu ambaye baba yake alitembea nyuma ya bwana akibeba kiti, sasa anatembea katikati ya barabara, amevaa kofia ya kanali, na waungwana wamesimama vibarazani kumtazama. Kwa macho yangu, hiyo ndiyo siri ya beni.

Naomba nieleze kidogo kazi yenyewe ya shaba, maana wasiopuliza hudhani sauti inatoka kwenye chuma. Tarumbeta ni bomba la karibu mita moja na nusu lililokunjwa ili liingie mkononi. Sauti inaanzia midomoni. Unabana midomo, unasukuma pumzi, midomo inatetemeka, na bomba linaukuza mtetemo huo. Vitufe vitatu vinarefusha njia ya hewa na kushusha sauti. Ukikosa pumzi, chombo hakina la kusema. Ndiyo maana mpulizaji mzuri huijua hali ya mwili wake kuliko mpiga chombo mwingine yeyote: akila kupita kiasi anasikika, akiwa na huzuni anasikika, jino likimuuma mji mzima unajua. Katika ngoma ya mkono, mtu hupiga kitu kilicho nje yake. Katika tarumbeta, kinacholia ni mtu mwenyewe, aliyekuzwa mara kumi.

Upande wetu, koloni la Wajerumani, beni ilisimama juu ya vyama viwili vikubwa: Marini na Arinoti. Kila mji wenye beni ulikuwa na vyote viwili, maana chama kimoja peke yake hakiwezi kushindana. Marini walijiona watu wa mji, wenye maneno laini na nguo safi, na miongoni mwao walikuwamo makarani na watu waliosoma. Arinoti walikuwa watu wa kazi, wengi wao waliotoka bara: wachukuzi, vibarua, watu wa mashambani. Tanga ilikuwa na watu hao kwa wingi. Mkonge uliletwa koloni hapa na Richard Hindorf mwanzoni mwa miaka ya 1890, reli ya Usambara ikaanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1893, na mashamba yakavuta watu kutoka kila upande.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, akaingia Arinoti, akapiga ngoma kubwa kabla ya kupewa baragumu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika pumzi, uani kwetu, jioni baada ya magharibi. Alikuwa na neno moja alilolirudia: "Mjukuu wangu, usipulize kwa ajili ya masikio yako. Puliza ajue aliye mbali kwamba huku kuna watu." Alisema siku za juma shambani mtu alikuwa namba na jembe. Siku ya beni alikuwa na cheo, na wenzake walimpigia saluti kwa cheo hicho. Nilipokuwa mtoto nilidhani anasimulia mchezo. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba alikuwa akisimulia heshima yake.

Vyeo vyenyewe vilikuwa vingi: kingi au kaiza juu, kisha majenerali, makanali, makapteni, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Kila chama kilikuwa na ada, na ada hiyo haikuliwa kwenye sherehe peke yake. Mwanachama akiugua, chama kilimwangalia. Akifa mbali na kwao, chama kilimzika. Kwa kibarua ambaye ndugu zake walikuwa mwendo wa majuma kutoka pwani, kuzikwa na watu wanaokujua kulikuwa na thamani kuliko mshahara. Akihamia mji mwingine, alitafuta wenzake wa chama, naye alipokelewa kwa jina la Arinoti au Marini kabla hajaulizwa kabila lake. Mtandao wa namna hiyo, wa watu wa makabila mengi wanaoimba kwa Kiswahili na kufuata kanuni moja, haukuwepo hapo kabla. Chama cha siasa kilikuwa bado mbali sana.

Siwezi kuficha kwamba mashindano yalikuwa na gharama. Chama kimoja kilichinja mbuzi, kingine kikachinja ng'ombe. Hawa wakashona sare mpya, wale wakatafuta fedha wapi na wapi wawapite. Watu waliingia madeni, na nyimbo za mafumbo zilizotungwa kumwumbua mpinzani ziliacha uadui uliodumu. Wazee wa dini hawakupenda matumizi hayo wala kujifaharisha huko, na hoja yao ilikuwa na uzito. Hata hivyo naona wazee wengine walichukia zaidi kuona nani anatumia kuliko anatumia kiasi gani. Harusi za waungwana za siku saba hazikuwa za bei nafuu.

Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyoichukua beni kutoka pwani na kuitupa katikati ya Afrika. Vilitufikia hapahapa Tanga mapema, Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililotoka India liliposhuka na kushindwa na jeshi dogo la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck. Baada ya hapo vita viliburuta watu hadi Rufiji, Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, ambako von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Mzigo wa vita hivyo ulibebwa vichwani. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wachukuzi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa jeshi hilo la wachukuzi.

Waliosalia walirudi makwao, na walirudi na kitu. Askari na wachukuzi wa pande zote mbili walikuwa wamekaa kambi moja, wamefungwa pamoja, wamecheza pamoja. Beni ikaenda Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na huko hasa kwa Wayao, karibu na kambi za King's African Rifles za Zomba, ingali inachezwa. Kandokando ya Ziwa Nyasa ilizaa mganda, na ng'ambo ya pili ya ziwa, kwetu Ruvuma, mganda ni ngoma ya heshima mpaka sasa. Kwa Watonga wa Malawi ilizaa malipenga. Hawakuwa na fedha za kununua shaba, hivyo wakachukua vibuyu, wakatoboa, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, na mtu anapoimba ndani yake sauti inatoka ikivuma kama bendi ya jeshi. Ninapowafundisha vijana huwaeleza habari za vibuyu hivyo. Aliyeutaka mlio aliutafuta, akaupata shambani kwake.

Ikaenda pia kwenye migodi ya shaba, Katanga na Rhodesia ya Kaskazini, ambako watu waliiita mbeni. Shaba iliyochimbwa kule na vyombo vya shaba vilivyopulizwa kule vikawa vya watu walewale. Miaka ya 1950 mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliwakuta wachezaji wa kalela mjini Luanshya, mtoto mwingine wa ukoo huo wa beni, wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, na mmoja wao ana cheo cha daktari. Kitabu alichoandika mwaka 1956 juu yao kingali kinasomwa vyuoni.

Serikali za kikoloni ziliiogopa beni. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliichunguza wakitaka kujua kama ni njama: vyama vyenye vyeo vya kijeshi, matawi katika kila mji, barua zinazokwenda na kurudi, wanachama waliopita jeshini. Njama ya silaha haikuwepo. Lakini maofisa hawakukosea kuhisi kwamba kuna nguvu pale. Mwaka 1935 wachimbaji wa Rhodesia ya Kaskazini waligoma Mufulira, Nkana na Luanshya kwa sababu ya kodi iliyopandishwa, na Luanshya watu 6 waliuawa kwa risasi. Tume iliyochunguza mgomo ule iliuliza sana habari za mbeni, ikishuku kwamba vyama vya ngoma vilisaidia kuueneza. Kwangu mimi si ajabu. Watu waliozoea kukusanyika kwa mlio mmoja, kutoa ada, kumfuata kiongozi waliyemchagua na kutembea pamoja wanajua tayari nusu ya kazi ya mgomo.

Wanawake hawakubaki vibarazani. Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, na vilivyovuma zaidi ni Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana vikali katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Walichukua vyeo, wakatunga nyimbo za kusuta na za kusifu, wakapanga sherehe ambazo mji ulizizungumzia kwa miezi. Mwanahistoria Margaret Strobel aliwahoji wazee wao na kuonyesha kwamba ndani ya vyama hivyo wanawake wenye asili ya utumwa walijipatia nafasi ambazo ukoo uliwanyima. Miaka ya 1950, chama cha siasa cha TANU kilipotaka kuwafikia wanawake wa Dar es Salaam, njia ilikuwa imekwisha lainishwa. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa mbele wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na alipoanza kuandikisha wanachama mwaka 1955 alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma wenziwe. Wao walikuwa na watu, walikuwa na utaratibu, na walikuwa na sauti.

Kufikia wakati huo beni yenyewe ilikuwa imepungua mijini. Vijana walivutwa na dansi, ambayo ilikuwa na gitaa, foksitroti na rumba ya Kuba iliyotoka kwenye santuri. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Tanga yetu ikaja kujulikana kwa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Lakini angalia namna bendi hizo zilivyoishi. Zilikuwa vyama vyenye wanachama. Zilishindana mbilimbili, kila moja na mtindo wake wenye jina, na mashabiki waliogawana mji kama Marini na Arinoti. Mashindano ya bendi za Msondo na Sikinde ambayo kizazi changu kiliyalilia na kuyashangilia yana babu yake, na babu huyo alivaa kofia ya kanali.

Majeshi nayo yakaurudia muziki, safari hii kwa mikono yetu. Baada ya uhuru, Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya JWTZ na Kimulimuli ya JKT zilijaza kumbi, na Kenya ikapata Maroon Commandos, bendi iliyoanzishwa na wanajeshi mwaka 1970. Baragumu lililotumika kumwamsha babu yetu akachimbe handaki la vita visivyo vyake likawa tarumbeta la kumchezesha mjukuu wake Jumamosi usiku.

Na harusini? Unguja beni ilidumu kama ngoma ya arusi yenyewe kwa jina lake lilelile. Huku bara tunaitwa matarumbeta. Tunapiga taarabu, tunapiga bongo fleva, tunapiga singeli vijana wakiomba, na ngoma kubwa inaweka mguu wa gwaride chini huku ngoma ndogo zinauvuruga mguu huo kwa mapigo ya pwani. Mapigo hayo mawili kwa pamoja ndiyo sahihi ya beni. Amri inasikika, na jibu la watu linasikika juu yake.

Nimesindikiza maharusi wa kila namna. Nimempigia binti wa tajiri mwenye magari ya kukodi yaliyopambwa maua, na nimempigia binti wa muuza samaki ambaye ukoo wake wote ulichanga kutulipa saa moja. Barabarani hakuna tofauti. Bodaboda zinasimama, wauza duka wanatoka mlangoni, watoto wanakimbia, na kwa muda huo mji unajua kwamba leo fulani binti fulani anaolewa. Muuza samaki na mkewe hawakuwahi kutangazwa. Binti yao ametangazwa. Fedha ile wengine huiita ya kupoteza. Mimi naijua imenunua nini.

Wapo wanaolalamika juu ya kelele, na katika mji wenye wagonjwa na watoto wachanga malalamiko hayo yana haki yake. Bendi yangu haipulizi mbele ya hospitali wala karibu na msikiti wakati wa sala, na sheria hiyo tumejiwekea wenyewe. Ila namwomba mlalamikaji ajue historia kabla ya kuita mlio huu uhuni. Wako watu waliozuiwa kusikika kwa vizazi vingi, na mlio huu ndio walioutumia kujulisha kwamba wapo.

Hofu yangu ni nyingine. Siwa za Pate na Lamu zimehifadhiwa makumbusho, na zinastahili. Vitu vya beni havina kabati. Kofia, mikanda, madaftari ya ada, mabaragumu yaliyotoboka, viko masandukuni mwa wajukuu ambao hawajui ni nini, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila siku na mizani zao. Shaba ina bei nzuri. Nimeona kwa macho yangu tromboni kuukuu likipimwa kwa kilo pamoja na bomba za maji.

Kama nyumbani kwenu kuna kitu cha namna hiyo, usikiuze. Mwulize mzee aliyebaki kilikuwa cha nani, kilikuwa cha chama gani na cheo gani, andika majibu yake, kisha kipeleke makumbusho ya karibu au kituo cha utamaduni cha mkoa wako. Na kama bado kinatoa sauti, mtafute mpulizaji akufundishie mtoto, wa kiume au wa kike. Jumamosi asubuhi bendi yetu hufanya mazoezi Ngamiani na mlango uko wazi. Wazee wetu walilipa kwa jasho haki ya kusikika barabarani. Sisi wajibu wetu ni kujifunza kuitumia vizuri, kwa sauti safi na kwa pumzi ya kutosha.